Mgongo wa Mgonjwa Haujui Kusoma

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji yangu na watoto. Mimi mwili haunidai kitu, moyo ndio unaowaka. Nimeona nikuandikie kuliko kupiga simu, maana simu naipigia kwenye korido ya watu, na barua husomwa na mwenyewe.

Nimetolewa wodini. Miaka kumi na tisa Wodi ya Wanaume, leo niko chumba cha kufulia, natumbukiza mashuka kwenye pipa la dawa mpaka vidole vinatoka ngozi. Nimekosa nini? Kaa kitako nikueleze tangu mwanzo, maana nilikuwa sijakwambia.

Mwaka jana alikuja msichana mmoja kutoka hicho chuo kikuu chenu. Ningezaa mapema angekuwa mwanangu. Miwani, viatu vya kamba, daftari kubwa. Akasema anatafiti kazi za sisi wahudumu, jinsi tunavyowageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza, ili kazi iwe nafuu kwetu na wao wasipate vidonda vya kulalia. Akatuita mmoja mmoja kwenye stoo ya magodoro, akaweka kinasa sauti juu ya kiti. "Mama," akaniambia, "jina lako halitaandikwa popote. Wewe ni Namba Kumi na Moja. Ukisema hapa, hakuna kazini kwako atakayejua umesema nini."

Unanijua nilivyo. Mtu akinikalia vizuri namwaga yote kama mtungi uliopasuka. Nikamwambia ukweli. Zamu ina wahudumu wawili, vitanda thelathini na vinane. Wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili ni kumi na watano, na wengine ni wazito utadhani wamemeza mawe. Haiwezekani. Kwa hiyo karatasi ya kugeuzia tunaijaza yote asubuhi, saa mbili, saa nne, saa sita, mpaka jioni, na Matroni anapita anaitia saini chai yake haijapoa. Ndiyo maana tunamwita Mama Saini. Nikamwambia yule msomi, "Mwanangu, kwenye karatasi tunawageuza mara sita. Ila mgongo wa mgonjwa haujui kusoma." Akacheka, kisha macho yakamjaa machozi. Na mimi mjinga nikamfuta kwa leso yangu.

Sasa Jumatatu Mama Saini kaniita ofisini, kafunga mlango, kaniangalia juu mpaka chini. "Nasikia mgongo wa mgonjwa haujui kusoma," akasema. Maneno yale yale! Hata sauti yangu akaiga. "Basi nenda kwenye mashuka, labda huko utapata wanaojua."

Maneno yale sikumwambia mtu mwingine, hata Mrefu, mwenzangu wa zamu tunayebebana naye wagonjwa. Aliyeyasikia ni mmoja tu, na Mungu shahidi. Najua tumefundishwa kumwachia Mungu, nami namwachia, lakini nataka na Yeye aniachie kidogo. Yule msichana nitamlipa. Niulizie huko chuoni anakaa ofisi gani na watu wanamsemaje.

Dada yako

*

Tarehe 15 Februari

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Pole sana. Vidole vipake mafuta ya mgando kabla ya kuvitia kwenye dawa, si baada. Na uvae glavu, usiseme zinakubana.

Huyo mtafiti namfahamu kwa sura. Ofisi yake iko juu ya hii yetu ya kupiga chapa. Watu wanamsema vizuri, husalimia mpaka wafagiaji, na akikosea anaomba radhi. Dada, mimi sidhani kama ni yeye. Maneno yana miguu. Huenda alikuwepo mtu nje ya hiyo stoo. Huenda uliwahi kulisema mahali ukasahau, maana wewe maneno yako ni matamu, mtu akiyasikia yanamtekenya mpaka ayatoe.

Usimhukumu. Mwachie Mungu yote, usibakize.

Kazi imenizidi siku hizi. Barua zikichelewa usinifikirie vibaya. Watoto wanakusalimia, mdogo kang'oka jino la mbele, anacheka kama babu.

Mdogo wako

*

Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Asante kwa ushauri wa mafuta na glavu. Lakini barua yako imenikalia vibaya tumboni. Mimi nakwambia nimechomwa, wewe unaniambia moto una tabia nzuri! Hata "dada, umeonewa" hukuandika. Nimeitafuta mstari kwa mstari, haimo.

Sikia haya. Amerudi! Kaja mpaka chumba cha kufulia, kasimama mlangoni na mvuke unamtia ukungu kwenye miwani. "Mama, mbona uko huku? Nimekutafuta wodini." Nikamjibu, "Nimepewa mashuka niyafundishe kusoma." Kashangaa, kakunja uso kama hajui kitu. Mwigizaji mzuri, ningekuwa na kiti ningempa akae nimtazame.

Safari hii anataka wahudumu wajaze fomu zake kwa wiki sita, kila wanapomgeuza mgonjwa waandike saa, na wasipomgeuza waandike hawakumgeuza. Halafu tarehe 9 Mei kuna mkutano mkubwa hapo chuoni kwenu, wakuu wa hospitali watakuwepo, naye atasimama kuwasomea alichokipata.

Basi nimekaa na Mrefu na wenzake, tumekubaliana. Watazijaza fomu za mtafiti kama zile za Mama Saini. Asubuhi, kwa mkupuo, kila mgonjwa mara sita, hakuna aliyekosa. Yeye atapata uwongo mtamu, ataupiga pasi, ataupeleka mbele ya wakubwa.

Na mimi? Umesahau niko wapi. Kila shuka la wodi lina namba ya kitanda kwenye pindo, kwa wino usiotoka. Shuka la mtu asiyegeuzwa nalijua kabla sijalikunjua. Lina alama palepale, kiunoni na kwenye visigino, leo ndogo, kesho kubwa. Nimenunua daftari. Kila siku naandika kitanda na nilichokiona. Siku ya mkutano, akishamaliza kusoma uwongo wake na watu wameshapiga makofi, nitasimama na daftari langu. Nataka nimwone anavyotafuta pa kuweka mikono.

Niombee. Najua unasema kisasi si chetu. Hata hivyo niombee.

Dada yako

*

Tarehe 20 Machi

Dada yangu mpenzi,

Umeonewa. Nimeiandika sasa, na naiandika tena: dada, umeonewa sana. Wala usidhani sikulijua hilo tangu mwanzo.

Lakini nakuomba acha hilo jambo la fomu. Sitakiwi kukwambia ninachokwambia, ila nimechapa karatasi za yule mtafiti na najua anachokitafuta. Hatafuti makosa yenu. Anataka fomu zionyeshe wagonjwa wangapi hawageuzwi kwa sababu wahudumu hawatoshi, ili aombe mwongezewe wanne na mashine ya kunyanyulia. Mkiandika kila mtu kageuzwa mara sita, itaonekana wawili mnatosha na kubaki! Mama Saini atashangilia. Mtakuwa mmejifunga kamba wenyewe na kumkabidhi yeye ncha.

Dada, nakusihi. Mwambie Mrefu aandike kweli.

Mdogo wako

*

Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Unamtetea kama kakuzaa. Mama yetu angekuwepo angekuuliza umekunywa maji ya nani.

Nimeyasikia ya wahudumu wanne na mashine. Mtego ni ule ule. Mara ya kwanza aliniambia ni kwa faida yetu, nikafungua mdomo, nikaishia kwenye pipa. Mtu hang'atwi na nyoka pango moja mara mbili akasema ni bahati mbaya. Mrefu naye alitaka kurudi nyuma. Alikuja kaniambia, "Dada, fomu hizi zinanikera roho." Nikamwambia, "Roho yako ina kazi wodini. Yangu haina. Jaza." Kajaza.

Nikuambie jambo lililoniuma. Yumo mzee mmoja kitanda cha ishirini na mbili, fundi mwashi, kaanguka kavunjika nyonga. Nilipokuwa wodini nilikuwa namgeuza mwenyewe, hata kama wengine nimewakosa, maana alikuwa akinitania, "Taratibu, mke wangu, hilo tofali la zamani." Sasa wiki ya tatu shuka lake linakuja na alama. Ya kwanza ilikuwa kama sarafu. Jana ilitosha kiganja changu, nimeipima. Kwenye fomu ya mtafiti, kitanda cha ishirini na mbili kimegeuzwa mara sita kila siku.

Nimesimama na lile shuka mkononi, nimelia. Kisha nikamwambia Mungu: hili nalo liandike kwa yule msichana.

Ni wahudumu watatu wamealikwa mkutanoni, na mimi nimo. Kaniandika yeye mwenyewe! Mungu si Athumani. Mama Saini pia anakuja, kashona suti.

Utakuwepo? Nitavaa lile gauni la bluu ulilonishonea.

Dada yako

*

Tarehe 2 Mei

Dada,

Nitakuwepo. Mimi ndiye nitakayeandika kumbukumbu za mkutano, meza ya pembeni, chini ya saa ya ukutani. Ndiyo maana lazima uyasome haya kabla hujaondoka huko, nami namtuma mtu akukabidhi mkononi.

Siyo yeye. Ni mimi.

Vile vinasa sauti vyake vililetwa kwetu, tunavaa vitu vya masikioni, tunasikiliza na kuchapa neno kwa neno. Mkanda wa Namba Kumi na Moja uliniangukia mimi. Hukuwa umemaliza kukohoa nikakujua. Nilipaswa kusimama hapo hapo na kumwambia msimamizi huyu ni ndugu yangu. Sikusema, kwa sababu nilitaka kukusikiliza. Nilikuwa nimekaa miezi saba bila kusikia sauti yako vizuri, bila mtu anayepita koridoni. Nilikuchapa huku natabasamu.

Jumamosi ile nilikwenda saluni. Tunasukwa, tunapiga soga, kila mmoja anasimulia vituko vya ndugu zake. Nikasema dada yangu mhudumu wa wodi ndiye mwenye maneno kuliko wote, nikawaambia lile la mgongo wa mgonjwa. Walicheka mpaka msusi akaachia nywele. Nilijivuna, dada. Nilikuwa najivunia wewe. Kiti cha tatu alikaa mwanamke nisiyemjua, naye alicheka, akaniuliza, "Dada yako yuko hospitali gani?" Nikamjibu. Nilikuja kujua baadaye kuwa ni mke wa mtoto wa Mama Saini.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilielewa yote nikiwa sijafika chini ya ukurasa. Niliogopa. Tulikula kiapo kazini kutotoa neno la mkanda wowote. Na kuna jambo hata shemeji yako halijui: nilishaonywa mara moja kwa maandishi, kwa mdomo wangu huu huu. Onyo la pili ni kufukuzwa. Kwa hiyo nikakuachia uende na hasira zako kwa mtu asiye na hatia, na kila barua nikakusihi usimdhuru bila kuwa na ujasiri wa kukwambia kwa nini.

Usimwaibishe yule mtafiti. Mpe daftari lako, litamsaidia kuliko fomu zote. Kwangu fanya upendavyo, ila nimekwambia wewe peke yako.

Mdogo wako

*

Tarehe 12 Mei

Dada,

Naandika kwa sababu nimezoea kukuandikia. Sitaki jibu.

Ulipoingia na gauni la bluu, ukaniinamishia kichwa kidogo, nilisema moyoni: kasoma, kanisamehe. Mtafiti alisoma fomu zake zilizo safi kama sahani ya mgeni, na sauti yake ilionyesha hata yeye haziamini. Mama Saini alipiga makofi ya kwanza. Ukanyoosha mkono. Ukatembea mpaka mbele, ukampa daftari, ukamwomba radhi mbele ya wakuu wote, ukasema fomu ni za uwongo na wewe ndiye uliyezipanga, na ukweli uko kwenye mashuka. Ukawaeleza mzee fundi mwashi, na alama ya kwanza, na ya pili. Mimi machozi yalikuwa yanadondoka kwenye karatasi.

Kisha hukukaa.

Ukasema, "Na aliyetoa siri yangu yumo humu. Ni yule pale anayeandika. Tumenyonya titi moja." Ukatoa barua yangu kwenye pochi. Ukaisoma kwa kidole, taratibu, kama unavyosoma siku zote, hukuruka neno. Saluni. Kiapo. Onyo la kwanza. Na lile nililosema hata shemeji yako halijui, sasa analijua, na mkuu wa idara analijua, na dereva aliyekuja kuchukua viti analijua.

Kalamu yangu haikusimama. Ndiyo kazi niliyoajiriwa, kuandika kinachosemwa. Ukurasa wa nne wa kumbukumbu ni wewe unayenisoma mimi, kwa mwandiko wangu. Niliupigia mstari, nikatia tarehe, nikaukabidhi. Ndiyo karatasi ya mwisho niliyoandika pale. Waliniita kabla viti havijaisha kutolewa.

Sikatai kosa langu. Lakini mimi nilisema la kwako nikicheka, sikujua linakwenda wapi. Wewe la kwangu ulilisafirisha kwenye pochi kilomita zote zile, ukijua linakwenda wapi. Hapo ndipo tulipoachana.

Aliyekuwa mdogo wako

*

Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu,

Hii ni barua ya tatu tangu mkutano. Mbili za kwanza hukujibu, nami sikulaumu, maana zilikuwa za kujitetea. Hii si ya kujitetea.

Nimerudi wodini. Mama Saini wamempeleka kwenye chumba cha mafaili, kazungukwa na saini zake. Wahudumu wawili wameshafika, wengine wawili tumeahidiwa, na mashine ya kunyanyulia inakuja, Mrefu anaisubiri kama mchumba. Karatasi ya kugeuzia sasa inajazwa pale pale kitandani, na kama hatukumgeuza mtu tunaandika hatukumgeuza, na hakuna anayeitwa ofisini.

Mzee fundi hakuvisubiri hivyo vyote. Alifariki wiki mbili baada ya mkutano. Kidonda kilikuwa kimefika mfupani. Ule mwezi na nusu wa fomu, Mrefu angeandika kweli tangu siku ya kwanza, mtafiti angeshtuka wiki ya pili. Ameniambia hivyo yule msichana mwenyewe, bila ukali, na ningependa zaidi angekuwa na ukali. Kidonda kile kwanza nilimwandikia yeye. Baadaye nikakuandikia wewe. Sasa nimefuta majina yote mawili, na ninajua ni la nani lililobaki. Hilo nalilipia kwa magoti, kila siku, wala sitegemei lipungue.

Yule msichana alipita wodini kuniaga. Akasema, "Mama, mimi sikukuomba umfanyie vile mdogo wako." Nikamwambia, "Mwanangu, wewe tafiti wagonjwa. Udugu niachie mwenyewe." Akaondoka bila kunipa mkono.

Nasikia shemeji hasemi na wewe, na kwamba unafundisha watoto wa jirani kupiga chapa sebuleni. Nasikia umekonda.

Najua ungetaka nikwambie najuta. Nimejaribu. Nakaa kwenye kiti cha nyuma cha nyumba ya ibada, nafumba macho, nalitaja jina lako, nasubiri majuto. Kinachokuja ni wewe chini ya ile saa ya ukutani, umeinamisha kichwa, unaandika. Na kuna kitu ndani yangu kikikuona hivyo kinashiba. Nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia mambo kama haya, na hata hilo ni jeuri, najua. Ulinificha miezi mitatu huku ukinitumia habari za meno ya watoto. Kila nikifika hapo, roho inakataa kupiga hatua.

Naomba kiondoke. Naomba kweli, siombi kwa mdomo. Lakini sitakuandikia tena kabla hakijaondoka, maana nimeona barua zetu zinavyokuwa. Kikiondoka nitapanda basi, nije mwenyewe, nigonge mlango wako.

Ukisikia ni mimi, usifungue haraka. Niache kwanza nisimame nje.

Dada yako